Kila Mfuo na Sindano Yake

Katika nyumba nyingi za zile kambi za wafanyakazi wa migodi zinazoizunguka Kolwezi, huko Musonoi na Luilu na Kapata, na hata katika mitaa ya Manika na Dilala walikohamia watoto wa wafanyakazi hao baada ya wazazi wao kustaafu au kufariki, bado hukutwa, aghalabu juu ya kabati au chini ya kitanda cha wageni, kinanda cha santuri kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, na kando yake sanduku la sahani ambazo mwenye nyumba hazipigi tena wala hakubali kuzigawa. Ukimwuliza sababu ya kinanda kunyamaza, jibu ni moja karibu kila mahali: sindano imekwisha. Na ukimwuliza mbona hakununua nyingine, atakuambia ama kwamba hazipatikani, ama kwamba alinunua, akaitia, sauti ikatoka mbaya kuliko ya kwanza, naye akakata tamaa.

Maoni yangu, ambayo nimeyapata kwa hasara na kwa hiyo nayasema bila ya kusita, ni kwamba mtu aipigaye santuri kwa sindano isiyo yake huidhuru kuliko yule aliyeiacha miaka arubaini sandukuni. Na kwa kuwa nyimbo za wazee wetu wa Katanga zimehifadhiwa zaidi katika masanduku hayo ya majumbani kuliko katika maktaba yoyote, yampasa kila aliyeachiwa sanduku la namna hiyo ajue elimu kidogo ya sindano kabla ya kuushusha mkono wa kinanda juu ya sahani.

Baba yangu, Mola amrehemu, alikuwa fundi wa karakana katika kampuni ya migodi tangu siku za Union Minière hadi zile za Gécamines, na alipofariki niliachiwa mimi kinanda chake pamoja na santuri thelathini na kitu, ambazo miongoni mwao ilikuwamo ile ndogo ya mizunguko 45 ya African Jazz ya Joseph Kabasele, “Indépendance Cha Cha”, iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960, ambayo baba aliinunua akiwa kijana hajaoa bado. Sindano ya kinanda ilikuwa imevunjika. Nikaenda kwa mfanyabiashara wa vyombo vya umeme katika mji mmoja wa mbali, naye akanitolea kijisindano chekundu ndani ya karatasi ya plastiki, akanihakikishia ya kuwa sindano zote ni sawasawa mradi iingie mahali pake. Iliingia. Sauti ya Kabasele ikanijia kama ya mtu anayeimba nyuma ya mlango uliofungwa, na juu yake mkwaruzo mfululizo, nami kwa ujinga wangu nikadhani kuwa sindano mpya yahitaji kuzoea, nikaipiga sahani ile mara tatu. Nilipoiinua chini ya taa niliona unga mweusi umeganda kwenye ncha ya sindano, na ile mifuo ya mwanzo, iliyokuwa ikimetameta, imegeuka rangi ya kijivu.

Fundi mmoja mzee wa redio wa Manika aliitazama sindano ile kwa kioo cha kukuzia, kisha akanirudishia bila ya kukunjua uso. “Mwanangu,” alisema, “hii ni ya zile sahani nzito za zamani. Umepitisha lori la mgodini katika kijia cha miguu.” Sina neno lililonichoma kuliko hilo, wala sijapata neno lililo sahihi zaidi la kulieleza jambo lenyewe.

Maana santuri, ingawa kwa macho zote ni sahani nyeusi zenye tundu katikati, ni jamaa mbili zilizo mbalimbali kwa maumbile yao. Jamaa ya kwanza ni ile ya mizunguko 78 kwa dakika, iliyofinyangwa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ukichanganywa na unga wa mawe. Nayo ni ngumu, ni nzito, na ukiidondosha huvunjika kama kigae. Katika santuri za jamaa hiyo mwimbaji Siti binti Saad alitia sauti yake Bombay mwaka 1928, nazo zikarudi Unguja na kuenea pwani nzima. Na kwa santuri za jamaa hiyo hiyo sauti ya huku kwetu ilitoka kwenda duniani, pale mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mnamo mwaka 1952, kijana Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akamrekodi akipiga gitaa lake peke yake, na wimbo wake “Masanga” ukatolewa na kampuni ya Gallotone ya Johannesburg. Bunkeya imo ndani ya jimbo letu la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na Mwenda mwenyewe alifariki mwaka 1990. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi mwenye sahani ya Gallotone yenye jina la Mwenda anayo mkononi sauti ya jirani yake.

Jamaa ya pili ni ile ya mifuo myembamba, iliyoanza Marekani mwaka 1948 kwa santuri kubwa za mizunguko 33 na sehemu ya tatu, zilizotolewa na Columbia, na kufuatwa mwaka 1949 na zile ndogo za mizunguko 45 za RCA Victor. Hizi zimefinyangwa kwa vinili, ambayo ni laini, haina unga wa mawe ndani yake, na huhifadhi sauti vizuri sana maadamu kinachoigusa ni chepesi na chembamba. Ncha ya sindano ya sahani za 78 ina nusukipenyo cha mikroni 76 hivi. Ncha ya sindano ya vinili ina nusukipenyo cha mikroni 25 kwa zile za mwanzo, na 18 kwa zilizo nyingi za leo. Ukiitia ncha nene katika mfuo mwembamba, haifiki ndani palipo na sauti, bali hukaa juu ya kingo mbili za mfuo na kuzisaga, na kile kilichosagwa hakirudi. Ukiitia ncha nyembamba katika mfuo mpana wa 78, hutumbukia hadi chini kabisa, ikakokota takataka ya miaka sabini, na sikio halipati ila makelele. Hasara yake kwa sahani ni ndogo, lakini msikilizaji huondoka akiamini kwamba santuri imekwisha kufa, ilhali i hai.

Hapo zamani sindano zilikuwa za chuma cha pua na ziliuzwa katika vikopo vidogo vya bati, mia mbili kwa kikopo, zingine nene za sauti kubwa na zingine nyembamba za sauti ya upole. Sheria yake ilikuwa sindano moja kwa upande mmoja wa sahani, kisha hutupwa. Watu wengi waliidharau sheria hiyo wakiiona ni hila ya wauzaji, kumbe ilikuwa na hekima yake: ule unga wa mawe ulio ndani ya lakiri uliwekwa makusudi uinoe ncha ya chuma katika mizunguko ya kwanza hata ioane na mfuo, na kwa sababu hiyo hiyo, baada ya dakika tatu ncha ilikuwa imekwisha umbo na kuwa patasi. Mwenye gramafoni ya kupindwa kwa mkono angali anapaswa kuifuata sheria hiyo leo. Na kwa jina la Mungu, asiiweke santuri ya vinili juu ya gramafoni hiyo hata kwa kujaribu, kwa maana kichwa chake kina uzito wa zaidi ya gramu mia, na vinili imekusudiwa kubeba gramu mbili au tatu, na kwa vile vinanda vya bei nafuu gramu tano au sita.

Baada ya chuma zikaja johari. Kifaransa kiliita sindano ya kinanda “saphir”, yaani yakuti samawi, na jina hilo liliendelea kutumika hata pale ncha ilipokuwa si yakuti tena bali ni almasi, jambo lililowapoteza wanunuzi wengi wasijue wanauziwa nini. Tofauti ya johari hizo mbili si ya kupuuzwa. Ncha ya yakuti hudumu kwa saa hamsini hivi juu ya vinili, kisha huanza kupata bapa pembeni mwake. Ncha ya almasi hudumu kati ya saa 500 na saa 1,000, ikiwa uzito ni wa haki na sahani ni safi. Tufanye hesabu: mtu anayesikiliza santuri moja kubwa kila jioni, pande zote mbili, hutumia dakika arubaini, kwa yakuti atakuwa ameimaliza sindano kwa jioni sabini na tano, na kwa almasi ya saa 500 atakwenda jioni 750, yaani zaidi ya miaka miwili. Anayenunua yakuti kwa kuwa bei yake ni nusu ya almasi amenunua ghali.

Na hapa niruhusiwe kusema jambo ambalo halimo katika ufundi ila limo katika moyo wangu. Almasi ya ncha ya sindano ni almasi ya kiwandani, na katikati ya karne iliyopita nchi iliyoongoza ulimwengu mzima kwa almasi za namna hiyo ilikuwa hii yetu, kwa machimbo ya Kasai, huko Bakwanga ambako leo ni Mbuji-Mayi. Ndani ya kichwa kinachoshika sindano mna nyuzi za shaba, nyembamba kuliko unywele, zilizozungushwa mara nyingi; na sumaku inayotikisika nyuma ya ncha, katika vichwa kadha wa kadha vilivyo maarufu, ni ya mchanganyiko wenye kobalti, madini ambayo Kongo yatoa zaidi ya theluthi mbili ya yote yachimbwayo duniani, na sehemu kubwa ya hayo hutoka katika ardhi hii tunayoikanyaga Kolwezi. Hata mfuo wenyewe, katika viwanda vilivyofuata njia iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, huchongwa kwanza juu ya bamba lililopakwa shaba. Shaba na kobalti zapita mbele ya milango yetu juu ya malori usiku na mchana, na mtu wa Kapata hana mahali pa kununua sindano ya kinanda cha baba yake. Sisemi haya ili tulie, nayasema ili mwenye duka yeyote mwenye akili atambue kwamba wanunuzi wapo.

Walakini duka likiwapo, bado uchaguzi ni wa mnunuzi. La kwanza ni kuiacha rangi na kuitafuta nambari. Sindano haifungwi katika kinanda. Hufungwa katika kile kichwa kidogo kilicho mwishoni mwa mkono, ambacho mafundi hukiita pia katriji, na kila kichwa kina sindano yake iliyoumbwa kwa ajili yake. Kwa hiyo jina kubwa lililoandikwa juu ya kinanda, Philips au Dual au Garrard, halitoshi, kwa maana kinanda kimoja kiliweza kutoka kiwandani na vichwa vya namna mbili tatu, na tena fundi aliweza kukibadilisha baadaye. Kivue kichwa taratibu, kigeuze, usome kilichoandikwa ubavuni au mgongoni; kama sindano ya zamani ingalipo, soma na maandishi yake, kwani mara nyingi nambari imo katika plastiki yenyewe kwa herufi ndogo. Kama hakuna nambari, piga picha kwa simu pande tatu, kichwa kikiwa kando ya rula ya milimita, umpelekee anayeuza. Vichwa ambavyo viwanda vyake vimeacha kazi hiyo havijafa kwa sababu hiyo: Shure ya Marekani iliacha kutengeneza vichwa na sindano mwaka 2018, lakini Jico ya Japani, ambayo ilianza mwaka 1873 kwa kutengeneza sindano za kushonea, hutoa hadi leo sindano za vichwa vya zamani vya viwanda vingi.

La pili ni kujua jinsi ya kichwa. Vinanda vingi vya masanduku vilivyoletwa huku katika miaka ya hamsini na sitini vina vichwa vya kristali au vya kauri, ambavyo hutoa umeme wa nguvu bila ya msaada, na vingi vyao vina kijiti cha kugeuza: upande mmoja ncha ya 78, upande wa pili ncha ya vinili. Kijiti hicho kikisahauliwa kimegeukia upande usio wake, balaa iliyonipata mimi itakupata wewe, tena bila ya kununua chochote. Na vile vya kristali vina maradhi yake, kwa kuwa kristali yake ni namna ya chumvi inayoharibika kwa joto na unyevu. Ikiwa sauti imedhoofika sana hata sindano ikiwa mpya, usimlaumu aliyekuuzia, kichwa chenyewe ndicho kilichokufa, na badala yake kiwe cha kauri. Usitie cha sumaku mahali pa cha kristali ukitumaini sauti bora: umeme wake ni haba mno, wahitaji kikuza sauti chake maalumu, na mkono mzito wa kinanda cha sanduku utaiponda sindano yake laini.

La tatu ni umbo la ncha, na katika jambo hili najua ya kuwa kuna wajuzi wasiokubaliana nami. Kuna ncha ya duara na kuna ncha ya yai, ambayo ni nyembamba zaidi ubavuni, mikroni nane hivi, na hivyo hupata sauti za juu ambazo ya duara huziruka. Kwa santuri mpya iliyotunzwa, ya yai ni bora, sina ubishi. Lakini kwa santuri zetu hizi za 45, zilizopigwa katika baa na katika arusi, zikabebwa juu ya baiskeli, zikapitia mikono ya wajomba na shemeji wote, mimi nachagua ya duara: huusamehe mkono usiopimwa vizuri, haipekui kila mkwaruzo, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Anayetaka ya yai awe na mizani ndogo ya kupimia uzito wa mkono, na ajue kuisoma.

Juu ya uzito watu hukosea kwa kudhani kwamba kupunguza ni kuhifadhi. Sindano iliyo nyepesi kuliko ilivyoagizwa hurukaruka ndani ya mfuo na kuzigonga kuta zake, na madhara yake yaweza kuzidi yale ya uzito uliozidi kidogo. Karatasi ya kiwanda ikisema gramu moja na nusu hadi mbili na nusu, weka mbili.

Limebaki vumbi, ambalo mwandishi wa mji mwingine angelitaja kwa mstari mmoja, ila kwetu ni jambo zito. Kuanzia mwezi wa Mei hadi mvua za Oktoba, lile vumbi jekundu la barabara za malori huingia katika kila tundu la nyumba, na chembe zake, zikiwa ni mawe yaliyosagwa, hulala ndani ya mfuo, na sindano ikipita huzikandamiza katika vinili kama msasa. Hakuna almasi itakayodumu saa 500 katika hali hiyo. Brashi laini kabla ya kila upande, sahani irudi katika mfuko wake mara wimbo ukiisha, na kifuniko cha kinanda kifungwe wakati wa kupiga. Sahani za lakiri zisipanguswe kwa spiriti kabisa, kwa sababu spiriti huyeyusha lakiri.

Vijana wataniuliza kuna haja gani ya taabu yote hii, ilhali “Masanga” yapatikana katika simu. Ni kweli yapatikana, na nashukuru. Lakini iliingia katika simu kwa kuwa mtu mmoja mahali fulani aliyekuwa na sahani nzima na sindano ya haki aliipiga na kuinakili. Na kwa kila wimbo mmoja uliopata bahati hiyo, zipo nyimbo za waimbaji wa kambini na wa vijijini zilizotolewa kwa santuri chache, ambazo hazijanakiliwa na yeyote, na ambazo nakala yake ya mwisho yaweza kuwa imo katika sanduku lililo chini ya kitanda chako. Sahani kama hiyo haifai kuwa ya kujaribia sindano. Nawaomba wakuu wa utamaduni wa jimbo letu, na wenye redio za mji, kwamba wawe na kinanda kimoja kizuri chenye vichwa viwili, kimoja cha ncha nene na kimoja cha ncha nyembamba, mahali pamoja panapojulikana, ili mwananchi alete santuri yake, ipigwe mara moja kwa usahihi, inakiliwe, naye arudi nayo nyumbani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya gurudumu moja la lori la mgodini.

Na wewe uliye na kinanda, usiingoje serikali. Leo jioni kitoe kile kichwa, kisome chini ya taa, na nambari yake uiandike kwa wino ndani ya kifuniko, ili yeyote utakayemtuma Lubumbashi au Dar es Salaam aende na nambari. Hadi hapo atakaporudi na sindano yake, sahani zako zikae zimesimama wima sandukuni, na mkono wa kinanda ubaki umefungwa.